ADABU ZA KUTEMBEA MLIMANI: SOMO KUTOKA HIFADHI YA TAIFA YA ARUSHA

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Kila likizo inapokaribia, baadhi ya wazazi hutuuliza walimu: Je, kuwapeleka watoto kutembea mbugani na milimani ni kupoteza wakati na pesa? Jibu ni kwamba inategemea umekwenda vipi. Qur'ani Tukufu inatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji (Suratul Ankabut, aya ya 20), na katika Suratul Ghashiya milima imetajwa miongoni mwa vitu tunavyotakiwa kuvitazama na kuvifikiri. Basi kutembea ni jambo jema, lakini kuna adabu zake. Katika likizo ya Juni iliyopita mimi mwalimu wenu nilifundishwa moja ya adabu hizo mbele ya watoto wangu mwenyewe. Nawaletea somo hili pamoja na kosa langu, ili lisije likawa kosa lenu.

1. MAHALI PENYEWE

Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko upande wa mashariki ya mji wa Arusha. Ukitoka mjini unafuata barabara ya Moshi hadi Usa River, kisha unakata kushoto kuelekea geti la Ngongongare. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1960 ikiitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru ukaingizwa ndani yake na jina likawa hili la sasa.

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, na ni wa pili Tanzania baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Ni mlima wa volkano, na mara ya mwisho kutoa jivu ilikuwa mwaka 1910. Ukiutazama kutoka upande wa Momella utaona umbo la ajabu: upande wa magharibi kuna ukuta mkubwa wa mawe, na upande wa mashariki uko wazi, mfano wa kwato ya farasi. Wataalamu wa miamba wanaeleza kuwa zamani mlima huu ulikuwa mzima. Kiasi cha miaka 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukamwaga mawe na tope nyanda za chini. Vilima vidogo vidogo unavyoviona ukiwa garini ni mabaki ya poromoko hilo, na maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde yaliyobaki kati ya vilima hivyo.

Tafakari, ewe mwanafunzi. Katika Suratul Israa, aya ya 37, tunakatazwa kutembea kwa maringo, na tunaambiwa kuwa hatuwezi kuifikia milima kwa urefu. Nami naongeza: hata mlima wenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, ulipofika wakati wake ulianguka.

2. MATAYARISHO

Tulikuwa watu wanane: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi, watoto wetu watatu, kaka yangu ambaye ndiye mwenye gari, na mwanawe. Tulitoka baada ya Sala ya Alfajiri, tukasoma dua ya kupanda chombo na dua ya safari. Haya ndiyo tuliyobeba, na nayaandika kwa ajili ya wazazi watakaotaka kwenda:

(a) Maji ya kunywa na ya udhu, katika madumu. Msitegemee mito ya huko. Maji mengi yanayotoka upande huu wa Mlima Meru yana madini ya floridi kupita kiasi. Hayo ndiyo yanayowafanya watoto wa vijiji vya jirani wawe na meno ya rangi ya kahawia.

(b) Masweta na makoti. Kadiri unavyopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mwezi wa Juni Arusha yenyewe ni baridi, seuze mlimani.

(c) Viatu vya kufunga. Kandambili si viatu vya njia za mlimani.

(d) Chakula kilichofungwa katika vyombo vyenye vifuniko, na kikapu cha kurudishia taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hifadhini ndiyo kabisa. Wanyama wa porini wasilishwe chochote. Nyani akizoea mkate wa wageni huwa mwizi na mkorofi.

Baada ya geti kuna uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo. Hapo watoto waliona pundamilia, ngiri na nyati wakilisha pamoja. Mwanangu wa kwanza, mwenye miaka 12, akauliza kama tutamwona simba. Nikamwambia hifadhi hii haina simba, ila chui na fisi wapo. Tukaendelea hadi geti la Momella, ambako matembezi ya miguu huanzia.

3. KOSA LANGU

Momella tulipewa askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwani hairuhusiwi kutembea kwa miguu bila yeye. Kabla ya kuanza alituwekea masharti matatu: tusimpite mbele, tusiachane, tusipige kelele. Tulikusudia kwenda hadi maporomoko ya maji ya Tululusia na kurudi. Tulivuka Mto Ngare Nanyuki, jina la Kimaasai lenye maana ya maji mekundu, tukaingia katika uwanda ambao nyati hupenda kulisha.

Mama yangu ana miaka sitini na kitu, na goti lake la kulia humsumbua. Alikuwa amemshika mkono mjukuu wake mdogo mwenye miaka sita, na mke wangu alikuwa pamoja nao. Mimi nilikuwa mbele na vijana, nyuma tu ya askari. Nilikuwa nimepanga siku yangu kwa saa: saa fulani maporomoko, saa fulani chakula, saa fulani maziwa. Mara mbili niligeuka nikawaambia walio nyuma, "Jitahidini, tutachelewa." Kisha sikugeuka tena.

Tulipokaribia vichaka askari akaniuliza, "Ustadhi, wa nyuma wapo?"

Nikamjibu, "Wapo, wanakuja." Wallahi nilijibu bila kutazama.

Njia ilipozunguka kichaka askari akasimama, akahesabu. Tulikuwa watano. Aliporudi hatua chache kuchungulia, aliinua mkono tunyamaze. Nyati dume mzee, wale wanaotembea peke yao bila kundi, alikuwa ameinuka kutoka majanini alikolala. Alisimama kati yetu na mama yangu.

Askari alinigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Bunduki yangu ni moja. Niambie sasa nimlinde nani, wa mbele au wa nyuma?"

Sikuwa na jibu. Alituamuru tusimame pamoja na kaka yangu kwenye mti mkubwa, tusisogee. Yeye akazunguka pole pole kurudi nyuma. Sijui zilikuwa dakika ngapi, maana mimi nilikuwa nasoma kila dua niliyoijua. Mama alikuwa amesimama kimya, amemficha mtoto nyuma ya khanga yake, na mke wangu amesimama ubavuni mwao. Nyati aliwatazama, akatikisa kichwa, kisha akaondoka zake kuelekea mtoni. Alhamdulillahi, hakuna aliyedhurika.

Tulipokutana, mama hakunigombeza. Alisema neno moja tu: "Mwanangu, mbona hukutazama nyuma?" Na mwanangu wa miaka 12 alikuwa amesimama hapo akisikia.

4. KIONGOZI HUKAA WAPI?

Wapenzi wanafunzi, jambo hili nimelisomesha darasani miaka mingi. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akibaki nyuma katika msafara. Alimsaidia aliye dhaifu aende, akimpakia nyuma yake, na akiwaombea dua. Yeye ndiye kiongozi wa msafara, ndiye mbora wa watu, na mahali alipopachagua ni nyuma, alipo mnyonge. Nilikuwa naijua hadithi hii kwa moyo, lakini miguu yangu ilikuwa haijaijua.

Basi tulibadilisha mpangilio. Askari alitangulia, mama na mjukuu wake wakamfuata, kisha vijana, kisha mke wangu na kaka. Mimi nikawa wa mwisho. Mwendo wa wote ukawa mwendo wa mama. Kila tulipopanda mwinuko watoto walileta takbira, na kila tulipoteremka walileta tasbihi, kwa sauti ya chini, kama Sahaba walivyokuwa wakifanya katika safari zao kwa mapokezi ya Bukhari kutoka kwa huyo huyo Jabir. Jambo hili lina faida ya pili: mwenye kuhema hawezi kusema takbira vizuri, hivyo utajua nani amechoka kabla hajakwambia.

Kwa mwendo ule tuliona mambo ambayo mbele nisingeyaona. Mjukuu aliona nyayo za twiga katika tope, akaweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja ukapwaya. Mama alikuwa wa kwanza kuwaona mbega juu ya miti, wenye manyoya meusi na meupe na mkia mrefu kama shada.

Maporomoko hatukuyafika. Goti la mama lilianza kuuma, nikamwomba askari turudi. Alitaka sisi tuendelee yeye abaki, lakini kubaki peke yake haiwezekani, na kumgawa askari haiwezekani. Mwanangu alinuna njia nzima. Sikumlaumu, kwani alikuwa ameyangojea maporomoko hayo mwezi mzima, na aliyeyakosesha ni mimi niliyemchosha bibi yake tangu mwanzo. Laiti tungekwenda polepole tangu mwanzo, huenda tungefika.

5. SALA KATIKA SAFARI YA SIKU MOJA

Tuliporudi getini wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Kaka yangu aliuliza swali ambalo wengi hukosea: Je, tupunguze na kukusanya, kwa kuwa tuko safarini? Katika madhehebu yetu ya Shafii, masafa ya kupunguza Sala ni marhala mbili, ambazo ni zaidi ya kilomita 80. Kutoka Arusha mjini hadi Momella hayafiki masafa hayo. Kwa hiyo tulisali rakaa nne kamili, na Laasiri tukaisali kwa wakati wake. Vile vile hatukutayamamu, kwani maji tulikuwa nayo. Hii ndiyo faida ya kubeba madumu. Uzuri wa mahali si udhuru wa Sala.

6. MCHANA WA GARINI

Baada ya chakula tuliendesha gari kando ya maziwa ya Momella. Maji yake ni ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake, moja la kijani na jingine la buluu, kwa sababu ya tofauti ya madini na mimea midogo iliyomo. Mimea hiyo ndiyo chakula cha flamingo, na wakati ule walikuwepo, ukingo mzima umekuwa wa waridi. Mama aliteremsha kioo akakaa akitazama bila kusema. Hapo goti halikuhitajika.

Mwisho tulipanda hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa kilomita 3 hivi. Watu hawaruhusiwi kuteremka ndani. Hutazama kutoka juu tu, na nyati huonekana chini wadogo kama sisimizi. Mwanangu alisimama karibu nami. Akasema, "Baba, kumbe wakiwa mbali ni wadogo." Nikamwambia, "Ndiyo. Na bibi yako naye nilimwona mdogo, kwa sababu nilimwacha mbali." Kisha akaenda kumshika bibi mkono kumrudisha garini, bila kuambiwa na mtu.

7. MUHTASARI

Ndugu wazazi, mkitaka kwenda mlimani na jamaa zenu, shikeni mambo haya manne. Kwanza, ulizeni kabla nani hawezi, na mpange siku kwa uwezo wake. Pili, mkubwa wa msafara awe wa mwisho, na ahesabu watu wake kwa macho, asihesabu kwa kudhani. Tatu, mtiini askari wa hifadhi, kwani yeye anaijua njia. Nne, mkishindwa kufika, rudini. Maporomoko yatabaki pale pale.

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Kwa nini Mlima Meru uko wazi upande wa mashariki?
2. Mtume (S.A.W.) alikaa sehemu gani ya msafara, na kwa nini?
3. Familia iliyotoka Arusha mjini kwenda Momella itasali Adhuhuri rakaa ngapi? Eleza sababu.
4. Katika familia yenu, ni nani hubaki nyuma mnapotembea? Nani humngoja?

Namwomba Allah (S.W.) atuhifadhie wazee wetu na watoto wetu, na atujaalie tuyatende tunayoyasomesha. Wabillahi tawfiq.