Minyoo ya Ng'ombe na Kipimo cha Dawa

Mfugaji, ukimwona ndama wako amekonda ilhali malisho yapo, manyoya yamesimama, anaharisha, na chini ya taya pana uvimbe laini, usiseme amerogwa. Mtazame ufizi na ndani ya kope: pakiwa peupe badala ya pekundu, yamkini minyoo inamnyonya damu tumboni. Lakini kupe na ndorobo nao huleta maradhi ya kupungua damu. Kwa hiyo mpelekee bwana mifugo mavi mabichi ayapime.

Yafahamu maisha ya adui huyu. Mnyoo jike mnyonya damu hutaga maelfu ya mayai kila siku, nayo hutoka pamoja na mavi. Panapo joto na unyevu mayai huanguka, na baada ya juma moja hivi watoto wa minyoo hupanda majani yenye umande, ng'ombe akawala. Majuma matatu au manne baadaye, hao nao hutaga.

Dawa zipo, kama albendazoli ya kunywesha. Lakini dawa huponya kwa kipimo. Kwa minyoo ya tumbo, kipimo chake ni miligramu 7.5 kwa kila kilo ya uzito. Basi ng'ombe wa kilo 200 ahitaji miligramu 1,500. Chupa ikiwa ya asilimia 10, mpe mililita 15. Ikiwa ya asilimia 2.5, mpe mililita 60. Soma chupa kwanza.

Wako wagawanyao dawa ya ng'ombe mmoja kwa watatu, wakidhani wameokoa fedha. Hiyo ni hasara: minyoo dhaifu hufa, yenye nguvu husalia ikazaa, na mwisho dawa haifai kitu zizini. Pima uzito kwa utepe wa kifua, usikisie.

Unaponywesha, usiinue sana kichwa cha ng'ombe. Mimina polepole, dawa isije ikaingia mapafuni. Usimpe albendazoli ng'ombe mwenye mimba changa ya siku 45 za kwanza. Maziwa na nyama visitumiwe mpaka zitimie siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Tena, dawa peke yake haitoshi. Ondoa mavi zizini, ngoja umande ukauke kabla ya kuchunga, na utenge malisho safi kwa ndama. Mabonde yenye maji na konokono huleta minyoo ya ini. Afadhali kunywesha ng'ombe kwa birika. Atendaye hayo hununua dawa chache, na ndama wake hukua.