Ruhusa, Kibali na Idhini: Je, Ni Neno Moja?



 Somo la lugha safari hii linahusu maneno ambayo sisi watu wa Tunduma tunayasikia kila siku: forodhani, sokoni, ofisi ya mtaa na hata hapa madrasa. Nayo ni kuruhusu, kutoa kibali, kuidhinisha, kupitisha, kuridhia na kuthibitisha. Wengi wetu huyatumia kana kwamba ni neno moja. Si neno moja, na anayeyachanganya anaweza kupata hasara.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mbozi anapeleka barua ofisini kuomba kibali cha kuvusha mahindi kwenda Nakonde. Karani anaipokea, anagonga muhuri kwenye nakala, na mama anarudi nyumbani kwa furaha. Anakodi gari, anapakia magunia. Mpakani anaulizwa: kibali kiko wapi? Anatoa ile nakala. Muhuri umeandikwa IMEPOKELEWA. Maana yake barua imefika, basi. Hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Magunia yanalala garini, na mwenye gari anadai pesa yake ya kila siku. Pengine mama huyu ana mtoto darasa la saba ambaye angeweza kumsomea muhuri ule, lakini naye hakufundishwa tofauti.

Basi tujifunze. Kwa kila neno tujiulize maswali matatu: Nani anasema? Anasema juu ya nini? Na akishasema, jambo limekwisha au bado?

1. KURUHUSU
Neno hili limetoka katika Kiarabu, rukhsa, na mzizi wake ni mmoja na wa neno rahisi. Jambo lililokuwa zito limefanywa jepesi. Wanafunzi wa fiqhi wanakumbuka kwamba msafiri ana rukhsa ya kufungua mchana wa Ramadhani, kisha atalipa siku nyingine. Madereva wa malori wanaopita hapa kwenda Zambia na Kongo wanaijua vizuri. Lakini halazimishwi, akiweza kufunga, anafunga. Kwa hiyo kuruhusu ni kuondoa kizuizi tu. Mzazi anaruhusu, ustadhi anaruhusu, na mara nyingi kauli ya mdomo yatosha.

2. KUTOA KIBALI
Kibali kina mzizi mmoja na kukubali. Tunausikia katika ndoa pale bwana harusi anaposema amekubali. Ofisini, kibali ni ruhusa iliyoandikwa. Kina jina la aliyepewa, kazi aliyoruhusiwa na mara nyingi tarehe ya kwisha. Tunacho kibali cha ujenzi, kibali cha kuishi kwa mgeni, kibali cha kusafirisha mazao. Kibali cha Fulani hakimfai jirani yake, na kibali cha mwaka jana si cha mwaka huu.

Tusikichanganye na cheti. Cheti kinashuhudia: kwamba mazao haya yamekaguliwa, au mtu huyu amefaulu. Kibali kinafungua njia. Mtu anaweza kuwa na cheti mkononi na bado akakosa kibali. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019 kiliwaweka maofisa wa nchi mbili pamoja ili kupunguza foleni, lakini hakikuondoa haja ya karatasi hizi.

3. KUIDHINISHA
Idhini imetoka kwenye herufi alif, dhali na nuni, zilezile zinazotupa adhana na muadhini. Ndani yake mna maana ya kujulisha. Kuidhinisha ni mwenye madaraka kuipa nguvu kazi iliyoandaliwa na mwingine. Tazama hati ya malipo ya shule au msikiti. Chini yake mna mistari mitatu: imeandaliwa na, imekaguliwa na, imeidhinishwa na. Wa kwanza ameandika, wa pili ametazama hesabu, wa tatu ndiye aliyesema pesa itoke. Pesa ikipotea, wote wataulizwa, lakini wa tatu hawezi kusema hakujua. Kwa hiyo usitie sahihi mstari huo kwa kuona haya au kwa kumpendeza mtu. Ni amana.

4. KUPITISHA
Hili ni neno letu la Kibantu, kutoka kupita. Hutumika kwa kikao chenye wajumbe wanaojadili na kuamua. Bunge hupitisha muswada. Lakini angalia swali letu la tatu: jambo limekwisha? Bado. Ibara ya 97 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka muswada upate pia kibali cha Rais ndipo uwe sheria. Basi ukisoma gazetini kwamba muswada umepitishwa, usiwaambie watu kwamba sheria tayari ipo.

5. KURIDHIA
Hapa mna neno radhi. Anayeridhia anakubali kufungwa na jambo yeye mwenyewe. Ndiyo maana limechaguliwa kwa mikataba ya mataifa. Serikali husaini kwanza, kisha Bunge huridhia, kama ibara ya 63 inavyoeleza kwa mikataba inayohitaji hivyo. Mfano unaotuhusu sisi wa mpakani ni Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika. Ulisainiwa Kigali mwezi Machi 2018, na Bunge letu likauridhia Septemba 2021. Kati ya kusaini na kuridhia ilipita miaka mitatu na nusu. Kusaini ni kuonyesha nia. Kuridhia ni kujifunga.

6. KUTHIBITISHA
Ni kulifanya jambo liwe thabiti. Jambo lenyewe lipo tayari, linakazwa tu. Rais humteua Waziri Mkuu, lakini kwa ibara ya 51 hashiki madaraka mpaka Bunge lithibitishe uteuzi wake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mheshimiwa Kassim Majaliwa mwezi Novemba 2015. Mwajiriwa mpya naye huthibitishwa kazini baada ya kipindi cha majaribio.

Katika vikao neno hili lina maana ya kuangaliwa sana. Wajumbe wakithibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, hawasemi kwamba wanakubaliana na yote yaliyoamuliwa. Wanasema tu kwamba yameandikwa kama yalivyosemwa.

TAHADHARI: KUHALALISHA
Usiseme serikali "imehalalisha" kila inapotoa leseni. Baa ina leseni, na pombe kwa Muislamu ni haramu vilevile. Na kinyume chake, mchele wako ni halali, lakini kuupitisha njia za panya usiku ili kukwepa kibali na ushuru si jambo la kujivunia. Leseni na halali ni mizani mbili, na Muislamu hupima kwa zote mbili.

MASWALI YA KUJIPIMA
(a) Kamati ya madrasa imepiga kura na kuikubali bajeti ya mwaka. Kamati ime______ bajeti.
(b) Zainabu ameomba kutoka darasani kwenda kumwona bibi yake mgonjwa. Ustadhi ame______.
(c) Katibu amesoma kumbukumbu za kikao, wajumbe wakasema ndivyo ilivyokuwa. Wajumbe wame______ kumbukumbu.
(d) Mhasibu ameandaa malipo ya fundi, mwenyekiti ametia sahihi ya mwisho. Mwenyekiti ame______ malipo.
(e) Barua yenye muhuri wa IMEPOKELEWA imepewa jibu gani?

Majibu: (a) imepitisha, (b) amemruhusu, (c) wamezithibitisha, au wamethibitisha kumbukumbu, (d) ameidhinisha, (e) haijapewa jibu lolote.

Mwanafunzi mpendwa, leo ukifika nyumbani omba uonyeshwe karatasi moja ya ofisi iliyohifadhiwa kabatini. Isome kwa sauti, tafuta kitenzi chake, kisha waeleze wazazi imesema nini na nini bado. Huenda hiyo ndiyo sadaka yako ya elimu kwa siku hiyo.