Urithi wa Rangi katika Samaki wa Maziwa Yetu

Mfugaji wa Keza anayeona ndama mwekundu amezaliwa na fahali mweusi na ng'ombe mweusi hana haja ya kushuku uchawi wala wizi. Kila mnyama hurithi jeni kwa jozi, moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni ya weusi hufunika ile ya wekundu. Nayo iliyofunikwa haipotei, bali hungoja kizazi ambacho itakutana na mwenzake.

Kanuni hiyo hutawala samaki pia. Mbuna wa Ziwa Nyasa hufugwa ng'ambo katika matangi ya kioo kwa ajili ya uzuri wao. Baadhi ya majike wana mabaka meusi juu ya rangi ya machungwa. Mwaka 2009 wataalamu walionyesha kwamba jeni ya mabaka hayo hufunika ile ya kawaida, tena imekaa jirani na ile iletayo jinsia ya kike. Hivyo jike mwenye mabaka akizaa na dume wa kawaida, takriban nusu ya watoto hupata mabaka, na karibu wote hao ni majike. Dume adimu ayapataye hupoteza rangi ya kuvutia majike.

Kwa furu wa Ziwa Viktoria jambo ni zito zaidi. Katika Ghuba ya Mwanza wamo ndugu wawili: Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa buluu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu. Jina la huyu wa pili lilitolewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Machotara wao si tasa. Kinachowatenga, basi, ni jicho la jike achaguaye dume. Katika matangi yenye mwanga mweupe kila jike alimfuata dume wa aina yake. Mwanga ulipofanywa wa rangi ya machungwa pekee, ubaguzi huo ulitoweka. Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba ndivyo ilivyo ziwani: maji yakichafuka kwa tope na mwani, rangi hufifia na aina huchanganyika.

Nao Mto Kagera, upitao Ngara kwenye maporomoko ya Rusumo, ndio mkubwa kuliko mito yote iingiayo ziwa hilo. Udongo unaomomonyoka katika mashamba ya milimani yasiyo na makinga maji husafiri nao.