Somo la Afya: Kupunguza Uzito bila Kushinda Njaa

Jina la boda boda linatokana na mpaka wetu huu wa Busia. Hapo awali abiria walivushwa kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, na mwendeshaji alikanyaga pedali tangu alfajiri hadi jioni. Mtu wa kazi hiyo alihitaji mlima wa ugali, na mwili wake uliuteketeza wote. Leo pikipiki imechukua nafasi ya baiskeli. Mwendeshaji huketi, dereva wa lori huketi katika foleni ya Malaba, wilayani Tororo, mchuuzi huketi kibandani, hata askari huketi mezani akikagua hati. Kazi imebadilika, lakini sahani imebaki ile ya enzi za baiskeli, tena imeongezewa chapati, vibanzi na soda.

Uzito unapozidi, hatari ya shinikizo la damu na kisukari huongezeka. Wengi wakionywa na daktari hukimbilia njia moja: kushinda njaa. Njia hiyo haidumu, kwani mwenye njaa hana miiko. Aliyejinyima mchana kutwa hula usiku kila kilicho mbele yake. Aidha, jambo hili linagusa usalama. Anayeendesha chombo akiwa na kizunguzungu cha njaa anahatarisha abiria wake na waendao kwa miguu, na mwenye njaa huwa mwepesi wa hasira.

Kanuni ya kupunguza uzito ni kuupa mwili nishati pungufu kidogo ya ile unayoitumia. Nishati hiyo hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4, ya pombe 7, na ya mafuta 9. Tumbo, hata hivyo, halihesabu kalori. Hushibishwa zaidi na wingi wa chakula, maji, nyuzinyuzi na protini. Kwa hiyo inawezekana kushiba vizuri huku kalori zikipungua.

Tulinganishe milo miwili ya hapa kwetu. Wa kwanza ni chapati mbili zilizoviringishwa na mayai mawili ya kukaanga, yaani rolex kama iitwavyo upande wa Uganda, pamoja na soda. Mlo huo hukaribia kalori 1,000, nao huliwa kwa dakika chache. Wa pili ni ugali wa mhogo na mtama wa kiasi cha ngumi mbili, nusu sahani ya kunde au mrenda, na dagaa, ambao wengine huwaita omena na wengine mukene, waliopikwa kwa nyanya na kijiko kimoja cha mafuta. Huu ni wa kalori 600 hivi, nao humshikilia mlaji kwa saa nyingi.

Yafuatayo yatasaidia:

1. Jaza nusu ya sahani kwa mboga za majani, robo kwa maharagwe, ndengu, samaki au mayai, na robo kwa ugali, viazi au matoke.

2. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120 hivi. Karanga na ufuta uliosagwa ni chakula bora, lakini navyo vina mafuta mengi. Kijiko kimoja hutosha kuikoleza mboga.

3. Kunywa maji badala ya soda, na punguza sukari katika chai na uji.

4. Usiruke kifungua kinywa ikiwa kukiruka hukufanya ule kupita kiasi usiku.

5. Kula polepole. Huchukua dakika 20 hivi kwa ubongo kupata habari kwamba tumbo limeshiba.

6. Ukipungua nusu kilo kwa wiki, inatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Somo hili halimhusu kila mtu. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto, na mgonjwa wa kifua kikuu wasijipunguzie chakula bila ushauri wa mhudumu wa afya. Anayetumia dawa za kisukari amwone mhudumu kwanza, maana sukari yake inaweza kushuka ghafla. Na ambaye shida yake ni kukosa chakula, asione aibu kulieleza jambo hilo kwa viongozi wa mtaa wake.

Maswali ya kujadili barazani:

(a) Kazi yako ya leo inahitaji nguvu kiasi gani, ikilinganishwa na ile ya wazazi wako?

(b) Katika mlo wako wa jana, mafuta na sukari vilitoka wapi?

(c) Ni mboga gani ya shambani au sokoni kwako inayoweza kujaza nusu ya sahani yako kesho?