Jina la .siyu kwa Bei Poa: Ulipe au Usubiri?

Tulikuwa Siyu, kisiwani Pate, kwa mafunzo ya wateja. Baada ya kikao, fundi mmoja wa viatu vya ngozi alitusogelea, simu mkononi. "Wanangu, hebu nitazamieni hapa. Nimeambiwa nikilipa leo napata tovuti yenye jina linaloishia .siyu. Nilipe, nisilipe?"

Tulimwomba asubiri kwanza. Sababu yake ndiyo somo letu la leo.

Simu hujuaje pa kwenda?

Ukiandika jina la tovuti, mfumo uitwao DNS hulitafutia namba ya kompyuta inayoiweka tovuti hiyo. Ni kama majina uliyohifadhi kwenye simu: unabonyeza "Mama", simu inapiga namba yake. Utafutaji huanzia kwenye mzizi, yaani orodha ya mikia yote ya majina: .com, .africa, .ke na mingineyo. Orodha hiyo husimamiwa na ICANN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1998. Mkia wetu wa .ke uko mikononi mwa KENIC, hapa hapa Kenya.

Mbona wengine wameanzisha mzizi wao?

Hoja zao si za kupuuzwa. Serikali ya Marekani ilikuwa na usemi juu ya orodha hiyo hadi 1 Oktoba 2016. Halafu gharama: mwaka 2012, ada ya kuomba mkia mpya ICANN ilikuwa dola 185,000. Mji kama Siyu uzitoe wapi? Hata .africa iligombaniwa miaka kadhaa, ikaingizwa kwenye mzizi Februari 2017. Ndiyo maana kuna mizizi mbadala kama OpenNIC, na Handshake iliyoanza kazi mwaka 2020, ambako majina hupatikana bila kupitia ICANN.

Sasa shida iko wapi?

Ukiwa Lamu, mwambie nahodha akupeleke "Pate". Atakuuliza: Pate mjini, au popote kisiwani? Nahodha ana mdomo wa kuuliza. Simu haiulizi; inafuata orodha iliyowekewa. Mwaka 2000 ICANN iliidhinisha .biz wakati mzizi mbadala tayari ulikuwa na .biz yake. Mkia mmoja, wenyewe wawili! Mwaka huo huo, wataalamu wa bodi ya IAB walitoa waraka wakisema intaneti inahitaji mzizi mmoja tu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Turudi kwa fundi wetu. Mkia wa .siyu haumo kwenye mzizi wa ICANN. Mteja wake wa Mombasa akiandika jina hilo kwenye simu ya kawaida, hapati kitu, mpaka abadilishe mipangilio ya DNS au aweke programu maalum. Na hapo kuna hatari nyingine: anayejibu maswali ya DNS ya simu yako ndiye anayeamua upelekwe wapi. Mwenye nia mbaya anaweza kukupeleka kwenye ukurasa unaofanana na wetu.

Kabla hujabonyeza "Lipa"

1. Muombe muuzaji akuonyeshe tovuti yenye mkia huo, kisha ifungue kwa simu ya mtu mwingine. Haifunguki? Basi na wateja wako hawataiona.
2. Usibadilishe DNS ya simu unayotumia kwa pesa eti kwa sababu mtu wa mtandaoni amekuelekeza.
3. PIN yako usiiandike kwenye tovuti yoyote, hata ikiwa na nembo yetu.
4. Ukitaka jina la biashara linalofunguka kila mahali, uliza kuhusu .co.ke kwa mawakala walioidhinishwa na KENIC.

Fundi alisikiliza, akacheka. "Kumbe ni bango la duka lisiloonekana ila na aliyevaa miwani ya muuzaji!" Pesa zake akazirudisha kwenye ngozi na nyuzi.

Na wewe umeletewa ofa kama hiyo? Pitia kwa wakala wetu aliye karibu nawe, tuitazame pamoja kabla hujalipa.