Mbwa Mzee Anapoanza Kusahau

Mbwa aliyelinda nyumba miaka mingi ghafla anasimama kwenye pembe ya ukuta asijue atokeje. Mchana kutwa amelala, usiku anazurura akibweka bila sababu. Haja ndogo anaimalizia sebuleni. Watu husema amezeeka tu, na hapo ndipo wanapokosea, maana huenda anaumwa. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12 walikuwa na angalau dalili moja ya akili kudhoofika. Kwa wale wa miaka 15 hadi 16 ilifika asilimia 68.

Katika ubongo wa mbwa mzee hujikusanya peptidi iitwayo beta-amiloidi, ambayo asidi zake za amino zimepangwa sawasawa na za binadamu. Ndiyo maana wanaochunguza ugonjwa wa Alzheimer humfuatilia sana mnyama huyu. Zaidi ya hapo, kemikali zinazopitisha ujumbe kati ya seli za neva nazo hupungua nguvu, hasa dopamini na asetilikolini. Panya wa maabara akipewa skopolamini, dawa inayoizuia asetilikolini isifanye kazi, hushindwa kujifunza njia ambayo wenzake huishika upesi. Basi usimpe mbwa mzee vidonge vyako vya mafua au mzio kwa kukisia. Baadhi huizuia kemikali hiyohiyo.

Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Uziwi, mtoto wa jicho, ugonjwa wa figo, maumivu ya viungo au maambukizi ya njia ya mkojo huleta dalili zinazofanana na hizi, na mengine yana tiba.

Ikithibitika ni ubongo, ipo dawa iitwayo selejilini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa mbwa wa namna hii. Huzuia kimeng'enya kinachovunja dopamini. Haiponyi, ila huwapunguzia baadhi yao dalili. Kwetu kuna hatari moja ya kuangalia sana: haichanganywi na amitrazi, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuogeshea za kuua kupe. Mtajie daktari kila unachompaka na kumnywesha, hata kile ulichonunua duka la pembejeo.

Nyumbani, bakuli na malazi yasihamishwe. Mwachie taa hafifu usiku, mtoe nje mara nyingi zaidi, mtembeze kidogo kila siku kwa saa ileile. Akikojoa ndani, deki tu. Kumchapa kunamtia hofu bure.