Ndani ya Beetle kama ilivyotoka Wolfsburg

Kati ya magari ya zamani yanayoletwa karakanani kwangu huku Pwani, hakuna linalopendwa na mwenyewe kama Volkswagen Beetle, ile ya mgongo wa kobe. Watu wa Afrika Mashariki wameijua tangu ilipokuwa ikipambana na matope ya Safari Rally, na mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda shindano hilo akiiendesha. Injini yake mafundi wengi wanaimudu. Ndani ndiko wanakoharibu, tena kwa nia njema, kwa kushona viti vya kumeremeta ambavyo kiwanda cha Wolfsburg hakikupata kuvitoa. Haya ni baadhi ya maswali ninayoulizwa.

SWALI: Shikamoo fundi. Baba ameniachia Beetle ambayo ndani imechakaa vibaya. Viti vimechanika, dari inaning'inia, milango imebaki mabati matupu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kutotupa kitu, hata tambara. Nilipokuwa mwanagenzi nilipewa kazi ya kuchana kava kuukuu za gari kama lako, nikazichana na kuzichoma moto nyuma ya karakana, nikajiona nimefanya usafi. Tulipokaa kukata leza mpya hatukuwa na kipimo wala mfano wa mishono. Viti vile tuliviotea, na havikukaa sawa hadi gari lilipoondoka. Tangu siku hiyo kava iliyochanika kwangu ni ramani. Inakuonyesha mshono ulipita wapi, paipingi ilikuwa nene kiasi gani, kitambaa kilivutwa upande gani na kikafungwa wapi.

Kwa hiyo piga picha kabla ya kufungua skrubu ya kwanza. Kila kipande kiingie kwenye mfuko wake, na skrubu zake, na karatasi yenye maandishi: mlango wa kushoto, kiti cha dereva, na kadhalika. Klipu zilizovunjika pia zihifadhi, maana utakapokwenda dukani utahitaji kuonyesha sampuli. Kava kuukuu uzifumue kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, uzilaze chini kama vipande vya kanzu kwa fundi cherehani.

SWALI: Nitajuaje rangi na aina ya leza iliyotoka kiwandani? Gari limepakwa rangi mara tatu na viti vimeshonwa upya angalau mara mbili.

JIBU: Inua kiti cha nyuma. Kwenye ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu utakuta namba ya chesisi imegongwa. Kwa magari ya Ujerumani yaliyoundwa kuanzia Agosti 1964, namba hiyo inasomeka kama barua. Ikianza na 118, mbili za mwanzo, yaani 11, zinakuambia ni Beetle ya kawaida yenye paa la bati, na ile 8 ni mwaka wa toleo, 1968. Kumbuka kwamba mwaka wa toleo kwa Volkswagen ulianza mwezi Agosti, kwa hiyo gari la toleo la 1968 huenda liliundwa Septemba 1967. Watu hugombana na makaratasi ya usajili kwa sababu ya miezi hiyo michache, kumbe hakuna aliyekosea.

Ukiwa na namba hiyo unaweza kuandikia makumbusho ya AutoMuseum Volkswagen mjini Wolfsburg. Kwa malipo hutoa cheti cha kuzaliwa cha gari: tarehe lilipokamilika, rangi ya bodi, rangi ya ndani na vifaa lililoondoka navyo. Mimi humshauri kila mwenye nia ya kweli akitafute cheti hicho kabla ya kununua hata mita moja ya leza.

Wakati unasubiri, lisome gari lenyewe. Rangi ya kweli hujificha mahali ambapo jua na mikono havikufika: nyuma ya kisahani cha majivu, chini ya ukingo wa kava ya zamani palipokunjwa kuzunguka fremu, nyuma ya ubao wa mlango. Beetle nyingi za miaka ya sitini zina dashibodi ya chuma iliyopakwa rangi ileile ya bodi, kwa hiyo ukikwangua taratibu kwa msasa laini ndani ya tundu la dashibodi, matabaka ya rangi yatajitokeza moja baada ya jingine hadi lile la kwanza.

SWALI: Fundi mmoja amefungua kiti changu akakuta ndani kuna kitu kama manyoya au makumbi. Anasema ni takataka, tuweke sponji. Ni sawa?

JIBU: Si sawa, na swali hili linanigusa kuliko yote. Alichokikuta si takataka. Wajerumani walitandika juu ya springi gunia, juu ya gunia wakaweka godoro la usumba wa nazi na manyoya ya wanyama lililonyunyiziwa maji ya mpira likashikana, kisha pamba, kisha leza. Ile harufu ya Beetle kongwe, ambayo mtu akiinusa anakumbuka utoto wake wote, inatoka hasa humo.

Sponji ya kawaida ina kasoro mbili. Kwanza inabadilisha umbo. Kiti cha Beetle kimenyooka na ni kigumu kidogo, kingo zake zina mkunjo wake, na ukikijaza sponji kinavimba kama mto wa kochi, mishono haikai mahali pake, na dereva anakaa juu kuliko alivyokusudiwa. Pili, sponji hushika jasho na unyevu. Usumba unapitisha hewa. Kwa joto la Mombasa au Tanga tofauti hiyo utaihisi mgongoni kabla hujafika mwisho wa safari.

Kama godoro limebonyea lakini halijaoza, linatengenezeka. Likung'ute vumbi, lipitishie mvuke wa maji moto linyanyuke, halafu sehemu zilizokonda uziongezee usumba mpya uliochambuliwa, ukiupulizia gundi ya mpira tabaka kwa tabaka. Usumba si wa kuagiza ng'ambo. Kule Unguja wanawake hufukia makumbi mchangani, maji ya bahari yanapojaa na kupwa, wakayaacha miezi kadhaa, kisha wakayafukua na kuyaponda wapate nyuzi za kusokota kamba. Nyuzi hizohizo ndizo unazohitaji. Lakini hapa pana sharti: usumba huo umelala kwenye chumvi. Uoshe kwa maji baridi mara kadhaa, uukaushe kabisa juani, la sivyo chumvi italamba springi zako na baada ya miaka michache utakuwa umekalia kutu.

Na springi zenyewe usizisahau. Zipige brashi ya waya, uzipake rangi ya kuzuia kutu, na iliyovunjika ifungwe au ibadilishwe. Gunia lirudi mahali pake, kwa sababu bila gunia springi hutafuna godoro. Mimi hutumia gunia la juti lililofumwa kwa kubana, na kulishika kwa pete za waya kama walivyofanya wao.

SWALI: Leza ya viti imekakamaa na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Kuna mafuta ya kuirudisha?

JIBU: Hakuna. Leza hii ni plastiki, si ngozi ya mnyama. Ulaini wake unatokana na kimiminika kilichochanganywa humo kiwandani, na jua likiipiga miaka na miaka kimiminika hicho hutoka kidogokidogo. Ule utando wa mafuta unaoufuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake ni hicho. Kikishatoka hakirudi kwa kupakwa. Yale mafuta ya kung'arisha wanayopaka vijana wa kuosha magari yanaifanya leza iteleze na ivutie vumbi, na gundi au rangi haishiki tena juu yake. Na anayefuta viti kwa petroli anaviua kwa mkono wake.

Leza ambayo bado ni laini isafishe kwa sabuni ya maji na brashi laini, kisha maji safi, kisha kivuli. Iliyokufa ibadilishe. Ukinunua mpya angalia mchoro wa uso wake kwa makini: leza za Volkswagen zilikuwa na mchoro unaofanana na ufumaji wa kikapu au vijiraba vidogo, kutegemea mwaka. Ya laini tupu ya kushonea makochi itakusuta kila ukifungua mlango.

Tena kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulikosea. Kwenye viti vya mwisho wa miaka ya sitini, ile mistari ya katikati haikushonwa. Iligandishwa kwa joto, leza ikashikamana na kilicho chini yake bila tundu hata moja la sindano. Fundi akipitisha cherehani pale, kiti kinaweza kupendeza, lakini ukweli umepotea, na maji pia yanapata njia. Kwa kava za namna hiyo ni afadhali kuagiza zilizokwisha kutengenezwa. TMI ya Marekani imezitoa kwa miaka mingi, na Wolfsburg West ya California hutengeneza vipuri vingi kwa kufuata vya asili. Uwe mwangalifu na vipuri vya Mexico. Beetle iliendelea kuundwa Puebla hadi tarehe 30 Julai 2003, kwa hiyo vitu vyake vipo, lakini vingi ni vya magari ya baadaye.

SWALI: Dari inaweza kubadilishwa bila kutoa vioo?

JIBU: Ukitaka ikae kama ya kiwandani, hapana. Kingo za dari ya Beetle zimegandishwa kwenye fremu za vioo na kupita chini ya raba zake. Anayekwambia atazisokomeza kwa bisibisi atakuachia mikunjo pembeni. Toa kioo cha mbele, cha nyuma na vya ubavuni. Juu utakuta fimbo za chuma zinazoinyanyua dari, na urefu wake haulingani, kwa hiyo zitie alama kabla hazijatoka. Kazi hii huifanya asubuhi ya jua kali. Leza ya dari hulazwa juani ikalainika, ndipo huvutwa kutoka katikati kwenda pembeni, na ikipoa inajikaza yenyewe.

SWALI: Mbao za milango zimevimba kwa chini. Nimebadilisha mara moja, zimevimba tena.

JIBU: Basi hukuweka nailoni. Mvua hupita kando ya kioo ikaingia ndani ya mlango, ndivyo ulivyoundwa, na inatakiwa itokee kwenye matundu ya chini. Zibua matundu hayo kwa waya. Kisha gandisha nailoni nzito juu ya bati lote, ncha ya chini uiingize ndani ya mlango ili maji yadondokee humo, ndipo uweke hadibodi. Nami huipaka hadibodi vanishi pande zote mbili na kwenye kingo. Kiwanda hakikufanya hivyo, lakini Wolfsburg hakuna unyevu wa bahari yetu, na vanishi haionekani.

SWALI: Zulia je?

JIBU: Usitandike zulia la sebuleni. Beetle nyingi za miaka ya sitini zilikuwa na mpira sakafuni, zulia likawa la kuta za pembeni na sehemu ya mizigo nyuma. Kabla ya yote kagua bati chini ya miguu.

SWALI: Ninataka iwe ya asili kabisa. Je, niondoe mikanda ya usalama iliyoongezwa?

JIBU: Usiiondoe. Beetle za kuanzia katikati ya miaka ya sitini zina matundu ya skrubu za mikanda yaliyoandaliwa kiwandani, kwa hiyo mkanda wa rangi nyeusi uliofungwa hapo hauharibu chochote. Hata usingekuwa na matundu hayo ningekwambia vivyo hivyo. Na hapa niongeze la betri, maana watu hawaliulizi. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Abiria mzito akikaa, springi zinashuka. Zikigusa vichwa vya betri zinapiga cheche, na juu yake kuna gunia na usumba mkavu. Gari moja lililoletwa kwangu lilikuwa limeungua kiti chote cha nyuma, na watoto walitolewa kwa bahati. Aliyebadilisha betri alikuwa ameweka ndefu kuliko ya asili na kukitupa kifuniko. Kifuniko cha betri kirudi, kiti kisirudi kabla yake.

SWALI: Marehemu mume wangu aliendesha gari hili miaka thelathini. Kiti cha abiria ni kizima, cha dereva kimebonyea na kuchanika upande wa mlangoni. Nibadilishe vyote viwili vifanane?

JIBU: Pole sana, mama. Usiguse kilicho kizima, ni kava halisi ya kiwandani na haipatikani tena kwa fedha. Cha dereva kifunguliwe, godoro linyanyuliwe kwa usumba, na kile kipande cha ubavuni kilichochanika kibadilishwe peke yake. Leza ya kukiziba usiinunue. Angalia ukunjo wa kava chini ya kiti cha nyuma: mara nyingi pana ziada ya kutosha upana wa kiganja, ya umri uleule na rangi ileile. Mwambie fundi aikate hapo.